Umeona au Umeambiwa?

Boti ilifunga Mkoani mchana wa jua kali. Nikapanda gari mpaka Chake, nikaunganisha ya Wete, na kutoka hapo bodaboda mpaka kijijini kwa mjomba. Njia nzima nilikuwa naisubiri ile harufu. Anayeijua Pemba ya msimu hahitaji kuelezwa: karafuu hukupokea barabarani kabla hujapokewa na watu wako.

Harufu ilikuwepo, lakini ilikuwa ya nyumba za jirani. Uani kwa mjomba majamvi mawili yalikuwa yametandikwa, matupu, yamebaki makonyo machache, vile vijiti vya karafuu, pembezoni. Kuku alikuwa akichakura juu yake na hakuna aliyemfukuza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya baraza katikati yetu, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamme, tulivu, sauti ya mtu wa ofisini. Ilisema kwamba kuanzia Jumatatu bei ya karafuu inashushwa, amri imeshatoka juu, na mwenye nazo aziuze mapema asije akajuta. Klipu ya dakika moja na sekunde chache.

Ikaisha. Mjomba akaniangalia.

"Hii si wewe uliyeniletea?"

Ni mimi.

Redio ikikanusha

Klipu ile iliniingilia usiku wa Alkhamisi, kwenye kundi la familia. Nilikuwa kitandani, nyumbani kwangu Mwanakwerekwe, Unguja, taa nimeshazima. Niliisikiliza mara moja tu. Nikaisambaza kwa watu watatu, wa kwanza mjomba, na juu yake nikaandika kwa mkono wangu: "Mjomba, isikilize hii haraka."

Nikalala.

Jumapili usiku alikuja mtu na mizani yake, wale wanaonunua kwa vikomba, yaani kwa magendo, majumbani na gizani, wakati kisheria karafuu hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake. Mjomba alikuwa na magunia matatu, makavu, safi, hayana mpeta. Aliyauza kwa nusu ya bei ya kituoni. Fedha ile ilikuwa iende kwenye bati za nyumba ya binti yake wa mwisho, ambaye hadi leo anaishi chumba kimoja na wanawe wanne.

Jumatatu bei haikushuka. Jumanne haikushuka. Haijashuka hadi leo ninavyoandika.

Nilimwomba radhi pale pale barazani. Hakukasirika, na kutokukasirika kwake ndiko kulikoniumiza. Alisema, "Yule mwanamme simjui. Mimi nilikuamini wewe. Wewe uliwahi kuwa mwandishi."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Jumamosi, siku moja kabla ya kuuza, redio ya serikali ilikanusha. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisema wazi kwamba bei ni ile ile na wakulima wasidanganywe. Mjomba aliisikia. Barazani kwao waliisikia wote.

"Sasa mjomba, kama mliisikia?"

"Tuliisikia. Ndiyo tukajua kweli." Akaninyooshea kidole kama anayenifundisha kitu cha wazi. "Redio ikikanusha, ujue lipo."

Wiki ya saba sasa, na sentensi hiyo haijaniachia.

Miaka sitini ya kusikiliza

Mjomba si mtu wa kupuuza habari. Nimekulia kwenye nyumba yake wakati wa likizo za skuli, na nakumbuka redio yake ya National, imefungwa kwa mpira wa baskeli ubavuni, waya wa shaba umepandishwa mpaka juu ya mfenesi ili ishike mawimbi mafupi. Magharibi ikishaswaliwa, watoto hatukuruhusiwa kupiga kelele. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, ya Ujerumani ikafuata miaka ya 1960, na Sauti ya Amerika nayo. Zote zilipita kwenye waya ule wa mfenesi.

Ukitaka kujua kwa nini mtu wa Pemba aliitegea sikio London wakati Unguja ipo jirani, hesabu anayoyakumbuka.

Mwaka 1964 mjomba alikuwa mtoto wa miaka tisa. Aliisikia redioni, kwenye duka la kijijini, sauti ya John Okello ikitangaza kwamba serikali imepinduliwa na ikitoa vitisho vilivyowafanya watu wazima wafunge milango mchana. Anasema tangu siku ile aliielewa redio kwa namna moja tu: anayeishika nchi huanza kuishika redio.

Januari 2001 alikuwa mtu mzima, Wete. Siku ya tarehe 27, ile ya maandamano yaliyopigwa risasi, sitaisimulia, wenye kuijua wanaijua na wengine wameiacha kwenye makaburi. Human Rights Watch waliandika kwamba waliouawa Unguja na Pemba hawakupungua 35, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mjomba anachokishikilia ni kidogo kuliko hicho. Anasema kilichosemwa na idhaa za nje siku zile ndicho kilichofanana na alichokiona kwa macho yake. Basi. Imani yake ilijengwa kwa kufananisha, alichosikia na alichoona, na ilipofanana akaiamini kwa miaka ishirini.

Anazo hata nakala za Dira ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya sanduku la nguo za harusi ya marehemu mkewe. Lilikuwa gazeti binafsi, la kwanza visiwani kuthubutu kusema tangu Mapinduzi, likihaririwa na Ali Nabwa. Kijijini nakala moja ilisomwa na watu ishirini mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Lilifungiwa mwaka 2003.

Halafu Oktoba 28, 2015.

Hili nalo sina haja ya kulirudia, kila aliyekuwa na televisheni anakumbuka alikuwa amekaa wapi. Ninachotaka kukitazama ni kitu kimoja. Waandishi, wa ndani na wa nje, walikuwa hoteli ya Bwawani, mjini Unguja, wakisubiri matokeo. Tangazo la Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, la kuufuta uchaguzi wote, halikutolewa mbele yao. Lilipita kwenye skrini ya ZBC, televisheni ya serikali. Mtu alisoma karatasi, akamaliza, akaondoka. Hapakuwa na mtu chumbani wa kunyoosha mkono na kuuliza swali moja.

Nilikuwa nimeshaanza kazi ya uandishi wakati ule. Nililia, na sikulia kwa ajili ya chama. Nililia kwa sababu niliona kazi yangu inaweza kurukwa hivyo hivyo, kama mtu anavyoruka dimbwi la maji.

Kinamama wa mwani

Lakini nikisema kosa ni la vyombo vya serikali peke yake nitakuwa nimesema nusu, na nusu hiyo ndiyo rahisi.

Mimi sikufanya kazi serikalini. Niliandikia gazeti binafsi, la kampuni yenye ofisi kubwa Dar es Salaam, nikilipwa kwa stori. Nilijivunia hilo. Nilijiambia: hapa hakuna waziri wa kunipigia simu.

Mwaka wa pili nilikwenda kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Hoteli mpya ilikuwa imejenga ukuta ulioziba njia ya kuendea pwani. Njia ile kinamama waliipita kila bamvua na mafungu ya mwani kichwani, tangu kilimo kile kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Sasa walizunguka. Nilizunguka nao. Fungu la mwani mbichi likikaa kichwani maji ya chumvi hukushukia mgongoni, kanga inaganda, na mwendo wa dakika kumi ukawa wa dakika arubaini. Bi mkubwa mmoja alinionesha shingo yake ilivyochubuka. Nikampiga picha. Nikaenda hotelini kuuliza, nikajibiwa kwamba meneja yuko safarini. Nikaandika hivyo. Nikaituma stori jioni ile ile.

Mhariri alinipigia. "Dada, umefanya kazi nzuri sana." Akanyamaza kidogo. "Umeuona ukurasa wa nyuma wa leo?"

Nilikuwa nalo gazeti mkononi. Ukurasa mzima, wa rangi: bahari ya buluu, mtumbwi, mzungu kwenye kiti cha kitambaa. Ilikuwa hoteli ile ile.

"Hatusemi haitoki," akasema. "Wiki ijayo."

Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu hudhani kuna mtu mnene anayekaa kwenye chumba cha giza akifuta habari. Hakuna mwenye hoteli aliyepiga simu. Hakuna aliyetishwa. Mhariri yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mishahara ya watu kumi na wanne kichwani mwake, na tangazo lile lilikuwa la miezi sita. Alijizuia mwenyewe, mapema, ili asije kuzuiwa. Wiki ijayo ikawa wiki mbili. Mwezi ukapita.

Kila Ijumaa yule bi mkubwa alikuwa akinipigia. Alikuwa akikopa simu ya mjukuu wake.

"Mwanangu, ile habari yetu imetoka?"

"Bado, bi mkubwa. Wiki ijayo."

Mara ya tano sikuipokea. Ya sita sikuipokea. Baada ya hapo hakupiga tena, na mimi nilishusha pumzi, na kwa kule kushusha pumzi sijawahi kujisamehe.

Kwa hiyo barazani wanaposema "magazeti yote yamenunuliwa", mimi siwezi kubisha kwa moyo mmoja. Nililiona duka likiuza. Nilikuwa nyuma ya kaunta.

Huko kwao nako

Kwetu ukitaka kujua nani ana chombo gani si siri. ITV na Radio One ni za IPP, kampuni aliyoiasisi marehemu Reginald Mengi. Azam ni ya familia ya Bakhresa, mtu mwenye asili ya hapa hapa, na jina hilo hilo utalikuta kwenye unga wa ngano, kwenye chupa ya maji na kwenye boti inayokuvusha kwenda Dar. Mwananchi liko chini ya Nation Media Group, iliyoanzishwa Nairobi na Aga Khan. Sisemi kwamba hao wameandika uongo. Nasema mwenye chombo huwa ana biashara nyingine, na biashara hizo zinahitaji leseni, bandari, misamaha ya kodi na utulivu. Na chombo chenyewe kina leseni: Oktoba 2024 huduma za mtandaoni za Mwananchi zilisimamishwa siku 30 na mamlaka ya mawasiliano kwa ajili ya katuni ya kwenye video. Mhariri yeyote aliyeisoma habari ile alijua naye aandikeje siku inayofuata.

Kwa muda mrefu nilidhani hii ni shida ya nchi kama yetu. Wakubwa wa dunia wameshapita hapo, nilijiambia.

Hawajapita. Shirika la kura za maoni la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kwa miaka mingi kama wanaviamini vyombo vyao vya habari. Mwaka 1976 waliosema wanaviamini sana au kiasi walikuwa 72 katika kila 100. Mwaka 2025 walikuwa 28.

Na wanazo sababu. Mwaka 2003 magazeti makubwa ya kule yalibeba habari za silaha za maangamizi za Iraq ambazo hazikupatikana, na mwaka uliofuata New York Times likawaandikia wasomaji wake kukiri kwamba halikuchunguza vya kutosha. Radhi ikaja, vita vikiwa vimeshaanza. Aprili 2023 Fox News ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5, baada ya kurusha madai kwamba mashine zile ziliiba uchaguzi wa 2020. Katika kesi ile zilitolewa meseji za watangazaji wenyewe, na ndani yake walikuwa wakiambizana kwamba madai hayo ni upuuzi. Waliyarusha kwa sababu waliogopa watazamaji watahamia kituo kingine.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mhariri wangu wa ukurasa wa rangi hakuwa nacho. Yeye alimwogopa mwenye tangazo. Wale walimwogopa msikilizaji. Walimpa anachotaka kusikia, na msikilizaji akadhani anaheshimiwa.

Washington Post ni kisa kingine. Jeff Bezos wa Amazon alilinunua mwaka 2013 kwa dola milioni 250. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, likaamua kutomuunga mkono mgombea yeyote, na mwenye gazeti akaeleza kwamba anajenga imani ya wasomaji. Wasomaji zaidi ya 200,000 walijiondoa. Labda alikuwa mkweli. Lakini mtu mwenye kampuni ya roketi inayosubiri mikataba ya serikali, nani atamkalia chini amsikilize?

Nilimhadithia mjomba haya yote usiku ule. Alisikiliza kama anavyosikiliza redio, kichwa upande. Akaniuliza kuhusu Sauti ya Amerika, kwa nini aliitafuta mwaka jana asiipate. Nikamwambia rais wao alitoa amri Machi 2025, wafanyakazi wakapelekwa likizo na idhaa zikanyamaza.

"Kumbe na wao," akasema. Akakaa kimya muda mrefu. "Mie nikidhani ni waya wangu."

Ya nani?

Kuhusu Gaza siwezi kupita bila kusema, kwa sababu huko ndiko mjomba alikoivunja ile imani ya miaka ishirini. Tangu Oktoba 2023 alikuwa akisikiliza kwa kuhesabu vitenzi. Upande mmoja watu "wameuawa". Upande wa pili watu "wamefariki". Idhaa ile sitaitaja, na sijui kama ilikuwa hivyo kila siku. Lakini siku alizohesabu zilimtosha. Mtu anayejua Kiswahili anajua kwamba aliyeuawa ana muuaji, na aliyefariki amefikwa na siku yake.

Akaizima. Akabaki na simu aliyonunuliwa na wanawe.

Kwenye simu hakuna waya wa mfenesi na hakuna saa ya kusubiri. Habari inakuja yenyewe, ikiletwa na mtu unayempenda. Hilo ndilo lililonipita mimi, mwandishi. Sikujua kwamba kwake mimi ndiye niliyekuwa idhaa.

Barazani kwao, Jaws Corner na Darajani kule mjini Unguja, kila mahali ninapokaa, mtu akileta habari swali la kwanza siku hizi ni "ya nani?" Televisheni ya nani, gazeti la nani, nani yuko nyuma yake. Ni swali la watu walioumwa na nyoka. Mimi mwenyewe naliuliza. Na nimelipenda kwa miaka mingi nikiliona ndiyo alama ya mtu aliyeamka.

Sasa nalitilia shaka, kwa sababu ya klipu.

Redio iliyokanusha naijua ni ya nani. Naijua inakaa Rahaleo, najua lango lake, ningeweza kwenda kuwasimamia pale nikiwadai. Tukauliza "ya nani?", tukajijibu "ya serikali", na jibu hilo likatutosha tusiuendee ukweli wenyewe. Klipu haikuwa na mwenyewe. Hatukuiuliza chochote. Hatukuwa na wa kumshuku, na asiye na wa kumshuku tukamwita mkweli.

Niliifuatilia. Nilianza na binamu yangu aliyeiweka kwenye kundi, akanipeleka kwa mwalimu mmoja wa Chake, mwalimu akanipeleka kwa dereva, dereva kwa mkwewe, mkwewe kwa kijana wa duka la simu. Watu watano, wote wema, wote walikuwa wakiwahurumia jamaa zao wenye karafuu. Kijana wa duka alinipa namba aliyoipata nayo. Haipatikani. Nimeipiga asubuhi, mchana na usiku, wiki tatu.

Aliyefaidika na klipu ile alikuwa na mizani na gunia tupu. Zaidi ya hapo sijui, na sitamsingizia mtu.

Najua pia kwamba woga wetu haukutoka hewani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wale walioishi siku zile wanakumbuka tulivyokuwa: watu tumesimama milangoni, kila anayepita anasimamishwa, "huko utokako kuna nini?" Redio zilikuwa zikizungumza. Hakuna aliyekuwa akizisikiliza. Ukimzimia mtu taa mara nyingi, siku utakapoiwasha mwenyewe atafumba macho.

Nimejaribu mara nyingi kuigawa lawama ya magunia matatu. Kwa waliozima taa. Kwa wahariri wa ukurasa wa rangi. Kwa yule mwenye sauti. Kila nikigawa, kuna fungu linalobaki, na kila nikiligeuza nakuta limeandikwa "Mjomba, isikilize hii haraka."

Barazani

Nililala siku nne kwa mjomba. Siku ya tatu alinichukua barazani, chini ya ule mwembe ulio mbele ya duka, kwenye kahawa ya alasiri. Wazee saba, dumu la kahawa, kashata kwenye sinia. Niliwaeleza kwamba klipu niliileta mimi. Sikuwa nimepanga kuwaeleza. Ilitoka tu.

Hakuna aliyenilaumu. Mzee mmoja, mkubwa kuliko mjomba, asiyeona tena vizuri, aliuliza tu, "Wewe ulipoipata, ulimuuliza aliyekupa kama ameona au ameambiwa?"

Nikasema sikuuliza.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema zamani, kabla ya hizi simu, mtu akifika hapa na habari hakuulizwa ya chama gani. Aliulizwa: umeona au umeambiwa? Akisema ameona, anaulizwa alisimama wapi, saa ngapi, nani mwengine alikuwepo. Akisema ameambiwa, anaulizwa na nani, na kama huyo yu hai na yuko karibu, mtoto anatumwa akamwite. Na aliyeongopa hakupigwa wala hakufukuzwa. Alikuja kesho akakaa pale pale, na kahawa akapewa, lakini akisema kitu watu wanaendelea kunywa.

"Tulikuwa nalo swali hilo," mzee akasema. "Sijui tuliliacha lini."

Mjomba alikuwa akichora mistari mavumbini kwa kijiti. Hakusema kitu mpaka tulipokuwa tunarudi. Njiani aliniambia kwamba amebakisha mikarafuu sita ya mwisho, ile ya bondeni, haijachumwa, na Ijumaa atatafuta wachumaji. Akanyamaza. Kisha akasema:

"Kesho ukipita Wete, kaniangalizie bei."

"Mjomba, si imetangazwa? Nikupigie sasa hivi Wete nimuulize mtu..."

"Kaniangalizie."

Asubuhi nikaenda. Kituo cha ununuzi kilikuwa na foleni ya watu na magunia, mashine ya kupimia unyevu mezani, kijana akiandika kwenye daftari kubwa. Ubao wa bei umetundikwa ukutani kushoto, umeandikwa kwa chaki, daraja la kwanza, la pili, la tatu, makonyo. Bei ni ile ile. Nikaupiga picha nikaituma. Alama mbili za buluu zikatokea papo hapo, lakini hakujibu. Nikampigia.

"Mjomba, picha umeipata?"

"Nimeipata." Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anapiga fagio la uani. "Picha nishaiona. Wewe niambie. Ubao umeuona?"

"Nimeuona, mjomba. Nimesimama mbele yake."

"Kuna mtu amelipwa hiyo bei, umemuona?"

Nikageuka. Mbele yangu mama mmoja wa Kiungoni alikuwa akizihesabu noti zake chini ya buibui, midomo ikimtembea. Nikamngoja amalize. Nikamsalimia, nikamuuliza.

"Nimemuona," nikamwambia mjomba. "Yuko hapa."

"Haya," akasema. "Mpe simu."